Mtoto wa miaka tisa hana utani na darasa zima

Najua wiki hii mlikuwa mnangoja mishono ya madira ya Idi, na itakuja inshaallah, sijasahau ahadi. Lakini leo nina jambo limenikaa kooni, kwa hiyo nivumilieni.

Nataka tulizungumze neno chogo.

Walio mbali na visiwa pengine hawalijui. Chogo ni kule nyuma ya kichwa kulikotokeza, na hapa Unguja ndilo jina anabandikwa mtu aliyetoka bara, hata awe na kichwa cha mviringo kama boga. Linasemwa sokoni, kwenye daladala, barazani. Wakubwa wakiitana hivyo wenyewe kwa wenyewe leo sina neno nao, wana midomo yao na wanajua kurudisha. Mimi nazungumzia skuli. Nazungumzia mtoto wa darasa la tatu anayeitwa chogo na wenzake arobaini na tano kila siku inayokuja, mwalimu yupo anasikia, na mwalimu naye anacheka.

Kila nikilileta jambo hili kwa wenzangu najibiwa jibu moja tu: "Aa, huo utani, watoto hao." Nimelisikia jibu hilo tangu nina miaka tisa na sijapata kuliona likimsaidia mtoto hata mmoja. Kwa hiyo leo ndilo ninalopambana nalo.

Hebu tuanze na huo utani wenyewe, maana mnautaja kama vile mie siujui. Huko bara nilikotoka utani ni mila kamili na una sheria zake. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani, Mhehe na Mngoni ni watani, na makabila mengine mengi vile vile. Wanatukanana mpaka mgeni anaogopa. Lakini utani una pande mbili: ukinitania nami nakutania, na hakuna wa kununa. Na mtani ana kazi. Ukifikwa na msiba, mtani ndiye anayekuja kushika shughuli, anawachekesha wafiwa wasizame kwenye huzuni, na hatoki mpaka mambo yamekwisha. Utani ni deni la kusaidiana lililovishwa nguo ya kuchekesha.

Sasa niambieni, mtoto mmoja mbele ya watoto arobaini na tano ana utani gani? Anawarudishia nini? Awaite nani jina gani, wakati wao ndio wenye mtaa, ndio wenye lafudhi, na mwalimu ni shangazi yao? Na siku mama yake akiugua, nani katika hao watani atakayekwenda kumpikia uji? Kama hamna jibu hapo, basi hilo lipeni jina lake, ni uonevu, na neno utani liacheni kwa wanaolijua.

Mie ni Mmakonde, nimezaliwa Newala, mkoa wa Mtwara. Tulivuka kuja Unguja mwaka 1997, mimi, mama na wadogo zangu wawili, kumfuata baba aliyetangulia. Siku hizo Daraja la Mkapa halijajengwa, lilikuja kufunguliwa 2003, kwa hiyo Rufiji ilivukwa kwa pantoni na basi la kutoka kusini lilikuwa ni kudra ya Mungu. Tulifika Dar tumejaa tope hadi magotini, tukapanda boti, na ndani ya boti mama akatuambia: mnakokwenda ni kwa Waislamu wenzenu, mtakaa vizuri. Mama alikuwa na haki ya kuamini hivyo.

Baba alikuwa mchongaji. Mpingo anaujua kama mie ninavyoujua uzi. Kazi zake ziliuzwa kwenye maduka ya Mji Mkongwe, na watalii walizibeba kwenda nazo kwao wakisema ni kumbukumbu ya Zanzibar. Yaani kinyago cha Mmakonde ni cha Zanzibar, kinapangwa dirishani kinapanguswa vumbi kila asubuhi, lakini mtoto wa Mmakonde ni chogo. Chuoni nako niliambiwa baba yangu anachonga masanamu atakwenda motoni. Hilo la masanamu waulizeni na wanaoyauza, maana wenye maduka hawakuwa Wamakonde.

Skuli niliyopelekwa siitaji jina, ilikuwa ya serikali na ipo mpaka leo. Siku ya kwanza nilisimama nikasema "shule", darasa zima likaangua kicheko, maana hapa ni skuli. Siku nyingine nikasema nyanya badala ya tungule, viazi badala ya mbatata, mkate badala ya boflo. Kila neno likawa mchezo. Cha kuchekesha ni kwamba kitabu cha kusomea chenyewe kiliandikwa nyanya, ila hakuna aliyekicheka kitabu. Na Kiswahili hicho hicho wanachojivunia, hiki cha Unguja kilichochaguliwa mwaka 1928 kule Mombasa kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, kabla ya hapo nani alikibeba mpaka Tabora na Ujiji? Si wapagazi wa Kinyamwezi, mababu wa hao machogo? Lugha tuliibeba vichwani pamoja na mizigo ya wenyewe. Lakini haya niliyajua baadaye sana, nikiwa mtu mzima na cherehani yangu. Kwa miaka tisa sikuwa na la kujibu.

Halafu ikaja habari ya panya. Walisikia kwamba kusini watu wanakula panya. Mwalimu wa kike, namkumbuka hata hereni zake, alinisimamisha mbele akaniuliza: "Wewe, hebu waambie wenzako, ni kweli kwenu mnakula panya?" Akaniacha nimesimama pale. Ni kweli, kwetu wako wanaokula panya wa porini, anawindwa, anakaushwa, anauzwa, wala si huyu wa mtaroni. Kama vile hapa tunakula pweza, na mtu wa Dodoma ukimtilia pweza sahanini anaweza kukimbia. Lakini mtoto wa darasa la tatu hajui kutoa hotuba ya vyakula vya watu. Nilisema "ndiyo", na kwa miaka miwili hakuna aliyekunywa maji kwenye kikombe nilichokigusa. Wengine walikuwa wakinivuta mdomo wa juu waone tundu la ndonya. Bibi yangu alikuwa nayo ndonya, pamoja na chale za usoni, na nyumbani alikuwa ndiye mzuri wa ukoo. Mimi sina hata chale moja, lakini walitafuta.

Mnajua nilichojifunza katika skuli ile? Kunyamaza. Nilikuwa najua hesabu na sinyooshi kidole, kwa sababu kunyoosha kidole ni kufungua mdomo, na kufungua mdomo ni kuchekwa. Nilimaliza kidato cha nne sijauliza swali hata moja darasani, na matokeo yakawa ya mtu asiyeuliza. Nikaenda kusoma ushonaji, Alhamdulillah nimepata riziki, nina mashine sita na wasichana wanne. Watu huniambia, "Si unaona umefanikiwa? Yamekukomaza yale." Hapana. Wallahi hapana. Kilichonisomesha kushona ni fundi mmoja mwanamke wa Kiunguja aliyenisemesha kama mtu, akinikosoa mshono na asinikosoe kabila. Waliokuwa wakinicheka hawadai sehemu katika biashara yangu.

Sasa kuna wanaosema haya mambo ya kubaguana watoto yako Ulaya, sisi hatuna. Hapa ndipo nataka dada zangu wa Leicester, wa London, wa Maskati na Dubai mnisikilize vizuri, kwa sababu najua mnasoma. Nyinyi ndio mnaoniletea oda za kanga na madira, na tukimaliza bei mnanieleza habari za watoto wenu. Mtoto amevuliwa mtandio uwanjani. Mtoto ameambiwa arudi kwao, na kwao anakokujua ni hapo hapo. Mtoto anaona aya kusema Kiswahili mbele ya marafiki. Mnalia kwenye simu na mie nalia na nyinyi, kwa sababu nayajua. Na mnakwenda mnamwona mwalimu mkuu, mnaandika barua, mnadai haki, na mna haki ya kudai.

Basi mnapokuja likizo, mkiwa mmekaa ukumbini kwa mama zenu, mtumishi wa nyumbani akapita, au mwanawe akapita, mkasikia mpwa wenu akisema "chogo huyo", mnafanya nini? Mnacheka. Nimewaona mkicheka, nilikuwa nimekuja kupima nguo.

Wazanzibari wamekuwa wageni wa watu wengi. Baada ya mwaka 1970, Sultani Qaboos alipowaita Waomani waliokuwa nje warudi, waliorudi kutoka huku walikuta wanaitwa Wazinjibari, Kiarabu chao kinachekwa, Kiswahili chao kinatiliwa shaka. Watu wazima wenye elimu zao, wakiambiwa nyinyi si Waarabu hasa. Na mwaka 2001, baada ya mauaji ya mwezi wa Januari, watu zaidi ya 2,000 walivuka bahari kwenda Shimoni, Kenya, wengi wao kutoka Pemba, na walikuwemo watoto. Mpemba anajua ugeni. Anaujua Shimoni, anaujua Kariakoo, anaujua hata hapa hapa Unguja, ambako mtoto kutoka Micheweni anachekwa kwa matamshi yake kama nilivyochekwa mie. Na kule bara vile vile Mpemba anaambiwa mchawi. Sisemi wa bara ni malaika. Nasema wote hao ni watoto, na wote wanakaa dawati moja na watu waliofunzwa kuwacheka.

Maana wamefunzwa, msijidanganye. Mtoto wa miaka saba hajui Newala iko wapi. Neno lile amelipata mezani kwako, ulipokuwa unalalamika kuhusu dereva wa bodaboda.

Kuna mama mmoja aliniambia maneno ambayo naona ndiyo yaliyo mioyoni mwa wengi, na namshukuru kwa kuyasema wazi. Alisema: "Wanatujalia. Kazi za mahotelini wamechukua wao, Nungwi na Paje huko ukienda ni wao, wanaleta pombe, sisi watoto wetu wanakaa vijiweni." Mie sisemi hayo hayana la kuzungumzwa. Nani anaajiriwa hotelini, nani anauza ardhi ya pwani na kwa bei gani, mila za watu zinalindwa vipi, hayo ni maswali ya kweli na lipo Baraza la Wawakilishi, wapo tuliowapigia kura, waulizeni. Ila mtoto wa darasa la tatu hajachukua kazi ya mtu Nungwi. Hajauza ardhi ya mtu. Ukishindwa kumwambia mwenye hoteli ukaenda kummalizia hasira mtoto wa mfagizi wake, huo si uzalendo.

Na hao mnaosema wanakuja kuharibu, hebu tuwataje wawili watatu.

Mzee Ali Hassan Mwinyi, Mungu amrehemu, alizaliwa Mkuranga mwaka 1925. Bara. Aliletwa Unguja akiwa mtoto kuja kusoma, akakulia Mangapwani, akasoma pale, akaja kusomesha pale pale. Akawa Rais wa Zanzibar mwaka 1984, kisha Rais wa Tanzania miaka kumi, na alipofariki Februari 2024 alizikwa Mangapwani hiyo hiyo. Mtoto wa bara aliyeletwa kusoma. Mwanawe ndiye Rais wa Zanzibar sasa hivi ninavyoandika.

Siti binti Saad alizaliwa Fumba, baba yake Mnyamwezi na mama yake Mzigua. Alikuwa akitembeza vyungu njiani. Alipoingia mjini na kuanza kuimba, alichekwa kwa asili yake, kwa sura yake, kwa umaskini wake, watu wakamtungia na nyimbo za kumkejeli. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi, na sauti yake ikaifikisha Zanzibar kwenye masikio ya watu ambao wasingeisikia maisha yao. Leo taarab tunajivunia ni yetu, kwenye harusi tunatunza, na waandishi wa habari wanawake wa Tanzania jarida lao waliliita Sauti ya Siti. Leo angekuwa darasa la tatu, tungemwitaje?

Sisemi mtoto wa bara aheshimiwe kwa sababu huenda akawa Rais. Wengi wetu hatukuwa chochote, tumekuwa mafundi na wapishi, na inatosha. Nawataja kwa sababu mmewasahau walikotoka mara tu mlipowapenda.

Kwa upande wa dini sitasema mengi, kwa kuwa wako wanaojua kuliko mie na ndio ninaowashangaa kwa kimya chao. Surat Hujurat tunaisoma, watoto wanaihifadhi chuoni. Humo tumekatazwa kudharauliana watu na watu, wanawake na wanawake, na tumekatazwa kuitana kwa majina ya kebehi. Hapakuwekwa kifungu cha utani. Na ile hadithi ya Abu Dharr aliyemtukana mtu kwa mama yake tunaijua, na aliyoambiwa na Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba ndani yake bado umo ujahili, tunaijua. Abu Dharr, sahaba mkubwa, hakuambiwa kwamba ni utani. Basi mwalimu wa chuo anayemsikia mwanafunzi akimwita mwenzake chogo baina ya aya na aya, akaendelea kusikiliza tajwidi, anasahihisha nini hasa? Na kabla hamjaniuliza, ndiyo, hata mtoto akiwa Mkristo ni hivyo hivyo. Jirani ni jirani.

Sasa niwaambie kilichonifanya niandike leo.

Yuko msichana wa miaka tisa, mama yake ametoka upande wa Tabora, anafagia vyumba katika hoteli. Nilimshonea sare mwezi wa Januari, sketi ya buluu na ushungi mweupe. Wiki iliyopita alikuja dukani peke yake na ushungi wake mkononi. Akaniuliza, "Anti, unaweza kunishonea ushungi mwingine usioonesha kisogo?" Nikamuuliza una nini kisogoni. Akasema watoto wanamchora kwa chaki, kila siku, nyuma ya kichwa, ili wajue pa kupiga. Alikuwa amefikiri mwenyewe mpaka namna ya kushona, nitie kitambaa kinene ndani, kiwe bapa.

Nimekipapasa kichwa kile. Kiko sawasawa na cha mwanangu.

Mama yake alikwenda skuli akaambiwa, mtalikisia wenyewe, ni utani wa watoto. Sasa amekata shauri: mwisho wa mwezi anampeleka kwa bibi yake kijijini, ambako skuli iko mbali na anajua mwenyewe kwamba huenda mtoto asiendelee. Zanzibar ilitangaza elimu bila malipo tarehe 23 Septemba 1964, na ilitangazwa ili mtoto wa mkulima na mtoto wa hamali wakae darasa moja. Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984, kifungu cha 12, inakataza kumbagua mtu. Sheria ya Mtoto tunayo tangu 2011. Yote hayo yapo, na mtoto anatolewa skuli na kipande cha chaki.

Walimu, sitaki mtunge somo jipya wala mlete mgeni wa kutoa semina. Neno hilo likitamkwa darasani, simamisheni somo. Palepale, kila mara, kama mnavyosimamisha mtoto akitamka tusi la nguoni. Watoto hujua upesi sana lipi ni tusi na lipi siyo, wanaangalia uso wako. Na msimsimamishe mgeni mbele kumuuliza kwao wanakula nini.

Akina mama, mie siwezi kuwasemea mezani kwenu, lakini mnanielewa.

Nimemuomba yule mama asikate tiketi kwanza. Kamati ya skuli inakutana Alhamisi baada ya sala ya alasiri, na mama yake hawezi kuja kwa sababu ni zamu yake kazini, kwa hiyo nitakwenda mimi. Mtu mmoja akisimama ataambiwa ana jazba, wabara ndivyo walivyo. Wakisimama wazazi kumi wenye watoto wao darasa lile lile, tena wa Kiunguja na Kipemba, hapo mwalimu mkuu itabidi aandike. Mwenye mtoto darasa la tatu mkondo wa asubuhi, mnajijua, na simu yangu mnayo. Ushungi nimeushona, wa kawaida, kipimo kile kile cha wenzake. Kile kitambaa kinene sikukitia.